Wapiga picha wanataka chama, lakini chama cha kufanya nini?

Mwezi huu barua nyingi zilizoingia ni za watu wanaotaka kuanzisha vyama vya kazi yao, na nimefurahi sana kuziona manake watu wa kazi moja wakikaa pamoja kuna vitu vinasonga. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa juu karibu kila kitu wengine mmeuliza kimo ndani yake.

SWALI: Dada, salamu kutoka Roysambu. Mimi ni mpiga picha wa harusi na shughuli zingine, ruracio, bathdei, graduesheni, hata mazishi tunaitwa. Tuko watu 23 kwenye grupu ya WhatsApp, tulianza tu kwa kuazimana lenzi na kuitana kazi ikizidi, sasa tumeona tuanzishe chama kamili cha wapiga picha wa Nairobi, kisajiliwe kiwe na cheti. Logo iko, tisheti tumeshaprinti, katiba mmoja wetu aliitoa kwa chama cha mjomba wake akabadilisha majina, na viongozi tumechagua. Shida ni kwamba kila tukikutana tunagombana. Kuna wale wanataka tuweke bei moja juu vijana wa simu wanatuharibia soko, mtu anapiga harusi nzima kwa elfu 8. Kuna wale wanataka serikali itupe leseni, asiye na leseni asishike kazi. Mweka hazina yeye anataka merry-go-round, ile ya kuchanga pesa na kupeana kwa zamu. Mimi nimelaliwa balansi na wateja na nataka chama kinisaidie kudai. Halafu juzi mmoja wetu ameona picha yake kwa bango kubwa la hoteli, ni kazi hoteli ilimwita akapiga siku moja akalipwa, lakini hiyo ya bango hakuulizwa wala hakuongezwa kitu. Mkutano wa mwisho tulikaa masaa matatu tukizozana kama vijana wa simu waruhusiwe kuingia ama la. Tuelekeze jinsi ya kusajili haraka, tunaona tukipata cheti watu watatulia.
Katibu, Roysambu

JIBU: Ndugu yangu katibu, asante kwa kuandika bila kuficha kitu. Nami nikwambie wazi, cheti hakitawatuliza. Mtazozana vilevile, tofauti ni kwamba wakati huo kutakuwa na pesa za watu ndani.

Angalia kwanza sheria yenyewe inataka nini. Chama kama chenu kinasajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, kwa Msajili wa Vyama ambaye yuko chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Watu kumi wanatosha, nyinyi mko 23, hapo hakuna neno. Lakini katiba mtakayopeleka lazima itaje malengo yote ya chama, iseme ni nani anaweza kuwa mwanachama, ada ni ngapi, na pesa zitatumika kwa kazi gani. Sasa rudi usome barua yako. Hayo ndio mambo mliyozozania masaa matatu! Mkipeleka ile katiba ya chama cha mjomba huenda ikapita, halafu mwaka ujao mkigundua haisemi mnachotaka mtajua kwamba huwezi kubadilisha katiba ya chama kilichosajiliwa kwa kupiga kura tu kwenye grupu, lazima muombe idhini ya Msajili kwa maandishi kwanza. Kwa hivyo afadhali muda huo muutumie saa hii.

Wekeni usajili kando kidogo. Tisheti zikae kwa kabati. Kazi iliyo mbele yenu ni moja, kukubaliana chama hiki kipo kwa ajili ya nini, kwa sentensi ambayo mtu wa nje akiisoma anajua mtafanya nini na hamtafanya nini. Na njia ninayoijua mimi ni kuchukua kila kitu watu wanataka, kimoja kimoja, mkiuliza maswali mawili tu. Hiki kitu mtu anaweza kukipata peke yake? Na je, kuna mahali pengine tayari kinafanywa? Nimejaribu kufanya hivyo na barua yako, tuone kinabaki nini.

Tuanze na balansi yako, pole sana kwa hiyo, najua inauma unapoona mtu anapost picha zako na pesa hajamaliza. Lakini hiyo haihitaji chama. Kuna Mahakama ya Madai Madogo, ilianzishwa na sheria ya 2016 na hapa Milimani ikaanza kazi 2021, inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kwenda mwenyewe bila wakili na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kama una meseji mlizokubaliana bei, ujumbe wa M-Pesa wa dipoziti, na kitu cha kuonyesha ulipeleka picha zote, nenda. Hakuna haja ya kungoja watu 22 wakubaliane ndio udai haki yako.

Merry-go-round. Sina ubaya nayo hata kidogo, imesomesha watoto wengi Nairobi hii. Lakini haiwezi kukaa ndani ya chama hiki, na sio mimi nimesema, ni ile Sheria ya Vyama inayotaka katiba yenu ikataze wanachama kugawana pesa za chama. Merry-go-round kazi yake yote ni kugawana. Mwambie mweka hazina aanzishe ya kwake pembeni, anayetaka ajiunge na asiyetaka asisumbuliwe, vitabu viwe tofauti na laini ya pesa iwe tofauti. Nimeona vyama vizuri vikifa kwa sababu hii moja, mtu anachelewesha mzunguko wake, wenzake wanakasirika, na mkutano uliofaa kuzungumzia kazi unageuka wa kudaiana.

Sasa bei moja, hapa naomba nyote mtulie msikize vizuri kwa sababu ndipo watu wanajiingiza kwenye shida bila kujua. Sheria ya Ushindani ya mwaka wa 2010 inakataza watu wa biashara moja kukubaliana bei, na inavitaja vyama kabisa, hata chama kutoa tu mapendekezo ya bei kwa wanachama wake ni kosa. Adhabu inaweza kufika miaka mitano jela ama faini ya shilingi milioni 10, ama zote mbili. Chama cha kitaaluma ambacho kanuni zake zinabana ushindani kinatakiwa kiombe ruhusa maalum kwa Mamlaka ya Ushindani, na mkienda huko mtalazimika kueleza umma unafaidika vipi. Kwa hivyo huyo anayesema mkishasajiliwa mtatoa orodha ya bei na kila mtu aifuate, mwambieni kwa upole kwamba hilo sio lengo, hiyo ni kesi. Kitu mnaweza kufanya ni kufundishana hesabu, mtu ajue kamera inachakaa vipi, usafiri, editing ya siku nne, msaidizi, intaneti ya kutuma picha, halafu kila mmoja apange bei yake mwenyewe. Nina hakika wengi wa hao wa elfu 8 wakipiga hiyo hesabu mara moja wataona wanafanya kazi kwa hasara.

Leseni. Hili naona linawaka moto kwa vyama vingi, watu wanadhani wakijisajili wamekuwa kama mawakili. Hapana. Uwezo wa kumzuia mtu asifanye kazi hautoki kwa Msajili wa Vyama, unatoka kwa Bunge. Angalieni wahandisi, kuna Bodi ya Wahandisi ambayo inasajili na kutoa leseni chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, halafu kuna IEK ambayo ni chama chao. Ama angalieni madaktari, hao ndio mfano ninaoupenda kabisa. Baraza la KMPDC ndilo linatoa leseni na kusikiza malalamiko ya wagonjwa, liko pale kulinda mgonjwa. Chama cha KMA kipo tangu 1968 na ni cha taaluma yenyewe, mafunzo, maadili, sauti ya madaktari kuhusu afya ya nchi. Halafu kuna KMPDU, chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa 2011, kazi yake ni mishahara na mazingira ya kazi, na ule mgomo wa siku 100 wa 2016 hadi 2017 ulikuwa wao. Daktari mmoja anaweza kuwa kote kutatu, lakini hakuna hata kimoja kinachojaribu kufanya kazi ya kingine. Hebu fikiria wangeviweka vyote kwa meza moja, leo mnasikiza kesi ya mgonjwa aliyeumizwa, kesho mnamtetea huyo huyo daktari kwa mwajiri. Ndiyo nyinyi mnajaribu kufanya saa hii, watu 23.

Sasa tumebaki na nini? Bango.

Hapa ndipo nilisimama nikasoma barua yako mara ya pili, manake umeitaja kama kitu cha kupita tu na mimi naona ndio moyo wa jambo lote. Hasira ya mwenzenu naielewa lakini kuna uwezekano mkubwa sheria iko upande wa hoteli. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi ikiwa imeagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki inachukuliwa kwamba imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Soma hiyo tena. Yaani kimya chako ni sawa na kukubali. Ukipigiwa simu Jumanne, mkakubaliana bei kwa meseji, dipoziti ikaingia, Jumamosi ukaenda ukapiga, hakuna mahali mmetaja picha ni za nani, basi mwenye kukuagiza ndiye mwenye picha. Anaweza kuiweka kwa bango, kwa kalenda, kwa basi, na wewe pengine huna hata haki ya kuziuza picha zako mwenyewe mahali pengine.

Sasa chukua yale maswali mawili. Mtu anaweza kulitatua hili peke yake? Kidogo sana. Ukienda kwa mteja wa harusi na karatasi yako ya mkataba ya kurasa tatu wewe mmoja anakuona msumbufu, anampigia mwingine ambaye hana karatasi. Lakini kama kila mpiga picha anayepigiwa ana karatasi ileile, mteja anazoea, inakuwa ndio desturi ya kazi kama vile dipoziti imekuwa desturi. Na kuna anayelifanya tayari kwa watu wa shughuli hapa Nairobi? Kwa barua yako naona kwenu hakuna, lakini kabla hamjasajili chochote tumeni watu wawili wakaulize kwa vyama vya wapiga picha vilivyoko, manake kama kipo kinachofanya hivyo afadhali mjiunge nyote 23 siku moja.

Kuna wapiga picha wakubwa walianza na jambo hili hili. Mwaka wa 1947, baada tu ya Vita vya Pili, Robert Capa, Henri Cartier-Bresson, George Rodger na David Seymour walianzisha Magnum, ushirika unaomilikiwa na wapiga picha wenyewe, na shabaha ilikuwa wazi, picha iwe ya aliyeipiga na sio ya gazeti lililomtuma. Hicho tu. Mambo mengine yote yalifuata kutoka hapo, nani wa kuchukuliwa, pesa zinaingiaje, ofisi ifanye nini, na mpaka leo Magnum ipo.

Sasa tuandike. Umenitumia kipande cha katiba yenu na kifungu cha malengo kinasema hivi, kuinua viwango vya taaluma ya upigaji picha na kulinda maslahi ya wapiga picha wote nchini Kenya. Ni maneno mazuri lakini niambie, ukiisoma hiyo mwisho wa mwaka utajuaje kama mmefanya ama hamjafanya? Kila mtu kwenye grupu akisoma maslahi anaona yake, wewe unaona balansi, mweka hazina anaona merry-go-round, mwingine anaona leseni, na wote mko sawa kwa sababu sentensi imewaruhusu nyote. Jaribuni kitu kama hiki: chama hiki kipo ili kila mpiga picha wa shughuli Nairobi anayeitwa kazi awe na mkataba wa maandishi unaosema picha ni za nani, zitatumika wapi, na malipo yatafanyika lini, kabla ya siku ya kazi. Sio lazima iwe hiyo, nyinyi ndio mnajua kazi yenu, lakini ona vile inachuja vizuri. Kuna watu watasoma waseme hii sio yangu, na hiyo ni sawa kabisa, heri waseme leo kuliko baada ya kulipa ada.

Halafu uone maajabu. Ile vita ya vijana wa simu inaisha yenyewe. Kama lengo ni kila anayeitwa kazi awe na mkataba, basi kijana wa simu ndiye mnamhitaji zaidi ya wote, kwa sababu ndiye anapiga bila karatasi na ndiye anamzoesha mteja kwamba karatasi si lazima. Akibaki nje mkataba wenu hauna nguvu. Kwa upande mwingine mpiga picha wa gazeti aliyeajiriwa, yule wa mshahara, hata awe rafiki yenu na kamera yake iwe kubwa namna gani, shida yake ni tofauti, kazi anayofanya akiwa ameajiriwa inamwendea mwajiri na mkataba wake ni wa kazi. Mnaweza kumkaribisha kama mgeni. Mwenye studio ya kuprinti na muuza kamera wa mjini hao pia sio wanachama, wanaweza kuwa wafadhili wa mafunzo. Mliona mnazozania watu, kumbe mlikuwa mnazozania kazi ambayo hamjaitaja.

Ada nayo inatoka hapo hapo, msianze na namba. Anzeni na mwaka wa kwanza utafanya nini. Mtalipa wakili awaandikie mkataba mmoja mzuri, wa Kiswahili na wa Kiingereza juu kuna wateja wa namna zote, mfanye siku moja ya kufundishana jinsi ya kuutumia, na mlipie usajili. Tuseme kwa mfano imefika elfu 69, mko 23, ni elfu 3 kila mtu. Mtu akiuliza pesa zinaenda wapi, unamwonyesha. Ukianza na elfu 10 kwa sababu chama cha mjomba kilitoza elfu 10, utakuwa na pesa zinazotafuta kazi, na pesa zikikaa hivyo zinaleta wagombea.

Hilo la viongozi pia nimeliona, mmechagua mwenyekiti kabla ya kujua anaenda kuongoza nini. Sisemi mumtoe. Lakini mkutano ujao msiwe na ajenda ya uongozi wala logo. Kila mtu apewe karatasi, aandike peke yake bila kuzungumza, chama hiki kikifaulu miaka miwili ijayo ni kitu gani kitakuwa kimebadilika kwa kazi yangu ambacho singeweza kubadilisha mimi mwenyewe. Kusanya, zisomwe bila majina. Mtaona zinajipanga kwa mafungu. Fungu kubwa ndilo chama, na mafungu madogo yaandikwe pia, chini kabisa, kwa kichwa kinachosema mambo ambayo chama hiki hakitafanya. Hiyo orodha ya pili msiiruke tafadhali, ndiyo itawaokoa siku mtu anakuja na wazo la kununua ploti.

SWALI: Habari dada. Sisi ni akina mama na wasichana tunaolea wazee manyumbani, wengi tuko Donholm na Buruburu, tumeajiriwa na familia. Tunataka tufungue chama cha taaluma ya walezi ili tupate siku ya kupumzika na mshahara usiokuwa wa huruma. Tuanzie wapi?
Mama wa Donholm

JIBU: Mama, kwanza heshima zako, hiyo kazi ni nzito na watu hawaioni. Nikisoma lengo lako, siku ya kupumzika na mshahara, naona wazi kwamba mnayetaka kuzungumza naye ni mwajiri. Lengo la namna hiyo ni la chama cha wafanyakazi na si chama cha taaluma. Katiba ya Kenya, Kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, na vyama hivyo vina msajili wake tofauti na sheria yake tofauti, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007. Chini ya hiyo sheria huwezi hata kuanza kuandikisha watu wa chama kipya kabla hujapewa cheti cha kukuruhusu, na msajili anaweza kukataa kama kuna chama kingine kinachowakilisha watu hao vya kutosha. Na kipo, KUDHEIHA kinachukua wafanyakazi wa nyumbani. Nendeni mkiwa wengi, sio mmoja mmoja, mwaulize walezi wa wazee wanaweza kupata tawi lao ama dawati lao ndani, na mwende na malalamiko matano ya kweli yameandikwa, saa mnazofanya, mnalala wapi, mnalipwa lini. Kama baadaye mtataka mafunzo ya kumgeuza mgonjwa kitandani bila kuumia mgongo, ama cheti cha kuonyesha mnajua kazi, hilo ni lengo lingine na hapo chama cha taaluma kina maana. Lakini msichanganye, mwajiri atakuja kwa mafunzo na hatakuja kwa mgomo.

SWALI: Tusajili kampuni, sosaiti, sacco ama kikundi? Kila mtu ananiambia yake.
Fundi, Kariobangi

JIBU: Umeniambia mnataka kusajili lakini hujaniambia mnataka kufanya nini, kwa hivyo jibu langu ni la haraka tu. Kama ni kuweka na kukopeshana pesa, huo ni ushirika, yaani sacco. Kama ni kikundi cha mtaa cha kusaidiana na kujiinua, kuna Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, mnaenda kwa ofisi ya ustawi wa jamii. Kama ni kutetea na kuinua kazi ya ufundi kwa watu wote wa kazi hiyo, ni sosaiti, chini ya Sheria ya Vyama niliyomweleza katibu hapo juu, na wengine wanaotaka kuajiri watu na kusaini mikataba mikubwa wanachagua kampuni yenye dhamana bila hisa, chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015. Niandikie tena na sentensi moja ya lengo, nitakujibu vizuri zaidi.

SWALI: Dada, chama chetu kilianzishwa kwa jambo moja, kupigania tupewe mahali pa kufanyia kazi kwa jengo fulani hapa mjini. Tulipata. Sasa mikutano haina watu, mwenyekiti anasema tutafute lengo jipya ili chama kisife, wengine tunaona tumemaliza. Nani ako sawa?
Mwanachama, Ngara

JIBU: Hongereni kwanza! Vyama vingi vinakaa miaka kumi bila kumaliza hata kitu kimoja na nyinyi mmemaliza.

Mimi niko na nyinyi mnaoona kazi imeisha, isipokuwa kama kuna mtu ana shida ya kweli mkononi leo, sio ya kutafutwa. Mwenyekiti aulizwe hivi, kama hiki chama hakingekuwepo, shida unayoitaja ingetufanya tukianzishe? Akijibu ndiyo na watu kumi wakamuunga mkono, andikeni lengo jipya, pigeni kura jinsi katiba yenu inavyosema na mpeleke kwa Msajili kupata idhini kabla ya kubadilisha. Akikosa hao kumi, fungeni kwa heshima. Kufunga pia kunahitaji idhini ya Msajili kwa maandishi, msiache tu kikae bila kupeleka ripoti za kila mwaka mkidhani kitapotea chenyewe, manake nyinyi maafisa ndio mtatafutwa. Lipeni madeni kwanza, vitabu vikaguliwe, halafu pesa zilizobaki na zile viti na tenti ziende mahali katiba yenu imesema zitaenda chama kikivunjwa. Angalia kifungu hicho leo kabla ya mkutano, kwa kawaida kiko ukurasa wa mwisho.